Kabla Hamjapeleka Unga Altareni

Wanandoa wapendwa,

Katika parokia zetu za Eastlands, kuanzia Buruburu hadi Dandora, wakati wa matoleo ni wakati wa furaha. Waumini hupanga mstari wakiimba, wamebeba unga, mchele, ndizi na mafuta ya kupikia. Lakini pakiti moja ya unga yaweza kuacha ugomvi nyumbani.

Tuseme mume hufanya kibarua Viwandani, na wiki hii amepata kazi siku mbili tu. Mke anachukua pakiti ya mwisho na kuipeleka kanisani. Jioni watoto wanakunywa chai ya rangi na kulala. Mume anauliza, "Mama watoto, kwani Mungu anakula ugali?" Mke anajibu, "Huna imani, baba watoto. Mungu atatupa." Nani ana haki?

Mume amesema kweli. Mungu hali chakula chetu. Mkate na divai hugeuka Mwili na Damu ya Kristo. Unga na mchele ni kwa ajili ya maskini na mahitaji ya Kanisa. Tukitoa, tunakiri kwamba hata kilichobaki kabatini tulikipokea. Aliyepokea hamfungii mlango mwenye njaa.

Mke naye amesema kweli, ila nusu. Mungu huruzuku, lakini mara nyingi hupitia mikono ya watu: ya mume anayebeba mizigo, ya mke anayesonga ugali, ya mama mboga anayewakopesha sukuma wiki. Ukiidharau mikono hiyo, umemdharau aliyeituma.

Mkumbukeni mjane wa Sarepta, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 17. Kabla ya kumpa Eliya mkate, alimwambia wazi kilichobaki: konzi ya unga na mafuta kidogo. Hakuficha. Na baada ya kutoa, nyumba yake yote ilikula. Sisi je? Mume hasemi amelipwa ngapi, mke hasemi deni la dukani, kisha tunataka Mungu abariki meza hiyo!

Unaweza kufunga na kutoa chakula chako. Lakini njaa ya mtoto wako si yako kuitoa sadaka.

Basi Jumamosi jioni ketini pamoja, fungueni kabati, semeni ukweli. Amueni pamoja mtatoa nini, hata kikombe kimoja cha mchele. Na kama hakuna kitu, iambieni jumuiya yenu bila aibu. Maaskofu wa AMECEA, mwaka 1976, walipozipa jumuiya ndogo ndogo nafasi ya kwanza, walitaka Kanisa liishi kati ya majirani. Aliyetoa mwezi uliopita aweza kupokea mwezi huu. Kupokea kwa shukrani nako ni kumtegemea Mungu.

Mwenyezi Mungu aibariki meza yenu, na mikono yote inayoiandaa.