Asiye na Hatia, Mbona Harudi Kwao?

Jumapili moja, baada ya Misa, mama mmoja mzee wa Maji ya Chai alitungoja mlangoni mwa kanisa. Maneno yake hayakuwa mengi. Mwanawe, alipokuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, alishikwa na ugonjwa wa akili. Alisikia sauti zikimwambia kwamba baba yake mdogo ametumwa kumwua, na usiku mmoja akamkata kwa panga hata akafa. Mahakama iliona kwamba hakuwa na akili timamu alipotenda, naye akapelekwa Dodoma. Miaka kumi na mmoja imepita. Sasa imekuja habari kwamba amepata nafuu, na kwamba ndugu zake wakiwa tayari kumpokea, taratibu za kumwachia zaweza kuanza. Ukoo umekutana na kusema hapana. Ndipo mama akatuuliza: “Baba Padri, mwanangu ana dhambi gani hata asirudi nyumbani?”

Swali hilo latupasa Wakristo wote. Wala tusikimbilie kulijibu kwa huruma nyepesi, maana katika boma lilo hilo yuko mjane ambaye kila usiku hulala akiukumbuka usiku ule. Yafaa tulipime kwa haki.

Mtakatifu Thoma wa Akwino atufundisha kwamba tendo la kibinadamu kweli ni lile litokalo katika akili inayojua na utashi unaochagua. Mtu akimpiga mwenziwe usingizini, mkono ni wake, lakini hahesabiwi dhambi. Ndivyo ilivyo kwa mwenye kichaa kikali. Ubongo wake mgonjwa humletea habari za uongo, naye huzisadiki kama sisi tunavyosadiki tuyaonayo kwa macho yetu. Kijana yule alidhani anaiokoa roho yake. Kwa sababu hiyo Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 1322, yasema kwamba mtu aliyekosa matumizi ya akili kwa kudumu hawezi kuhesabiwa kosa, hata kama alionekana mzima alipoivunja sheria.

Sheria ya nchi yetu yaafikiana na hayo. Kifungu cha 13 cha Kanuni ya Adhabu chamwondolea jukumu la jinai mtu ambaye, kwa ugonjwa wa akili, hakuweza kuelewa alitendalo, au kutambua kwamba haimpasi kulitenda, au kujizuia. Mahakama hutamka kwamba ametenda, lakini kwa sababu ya wazimu wake hana hatia. Fikira hiyo ina historia ndefu. Mwaka 1843, mjini London, Daniel M'Naghten alimwua Edward Drummond, karani wa Waziri Mkuu Robert Peel, akiamini kwamba chama cha Peel chamwandama. Baraza la wazee wa mahakama lilimwona hana hatia kwa sababu ya wazimu. Watu wakakasirika, na majaji wakatakiwa kuieleza sheria. Maelezo yao yakaenea katika makoloni mengi ya Mwingereza. Lakini M'Naghten mwenyewe hakutoka tena. Alifia kizuizini katika hospitali ya Broadmoor mwaka 1865.

Hapo ndipo penye shida yetu. Kwetu pia mtu aliyetamkwa kuwa hana hatia haendi nyumbani siku ile. Huwekwa kizuizini kama mgonjwa, na wengi hupelekwa Isanga, Dodoma, chini ya Hospitali ya Mirembe. Hatulaumu jambo hilo. Jamii ina haki ya kulindwa, na mgonjwa ana haki ya kutibiwa. Lakini tuangalie sababu. Mfungwa hukaa gerezani ili alipe kosa, na kwa kawaida huijua tarehe yake ya kutoka. Mgonjwa huyu hakuwekwa ili alipe, maana hana la kulipa. Aliwekwa kwa ajili ya ugonjwa na hatari yake. Hatari ikituliwa, na kukiwa na njia ya kuizuia isirudi, sababu ya kumweka imekwisha. Tukimwacha akae kwa kuwa tu hakuna amtakaye, tunamwadhibu mtu ambaye hakimu alisema hana hatia, na kwa adhabu isiyo na mwisho. Nchini Kenya, Mahakama Kuu imekwisha kusema, katika kesi za miaka ya karibuni, kwamba kuwafungia wagonjwa namna hii bila muda maalumu ni kinyume cha Katiba.

Wa ukoo watasema: atarudia. Hofu hiyo si upuzi. Tangu mwaka 1952, waganga Jean Delay na Pierre Deniker walipoonyesha mjini Paris nguvu ya dawa ya klopromazini, sauti zile zimeweza kutulizwa kwa wagonjwa wengi sana. Lakini dawa hutuliza tu, na aiachaye mara nyingi huugua tena. Kwa hiyo mgonjwa ahitaji mtu wa kumkumbusha vidonge au sindano ya kila mwezi, wa kumwepusha na pombe na bangi, na wa kutambua dalili mapema: kukosa usingizi, kujitenga, kushuku watu, kuikataa dawa. Tukumbuke pia kwamba wagonjwa wengi wa akili hawamdhuru mtu kamwe. Mara nyingi wao ndio wanaopigwa, wanaofungwa kamba na kunyang'anywa walivyo navyo.

Wengine watasema: hii ni laana, aombewe na aache dawa. Anayesema hivyo huhatarisha roho za watu. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, chatuagiza kumheshimu mganga na kutoidharau dawa, kwa kuwa vyote viwili vimetoka kwa Mungu. Sala na kidonge havigombani.

Na mjane je? Yeye asilazimishwe. Haki haimtaki aishi mlango kwa mlango na mtu ambaye kumwona ni kuuona msiba wake upya. Lakini ukoo si boma moja. Yuko mjomba, yuko shangazi katika kijiji kingine. Wazee na waende kwanza kwa mjane, wamsikilize, wamweleze ukweli wa ugonjwa ule, wasimfiche neno. Huenda akatambua kwamba nyumba ile ilipata misiba miwili usiku mmoja.

Katika Injili ya Mtakatifu Marko, sura ya 5, twasoma habari za mtu aliyekaa makaburini, ambaye watu wa kwao hawakujua tiba nyingine ila minyororo. Bwana alipomponya, watu walimkuta ameketi, amevaa nguo, ana akili zake. Je, walifurahi? La, waliogopa, wakamsihi Yesu aondoke. Mtu yule akaomba kufuatana na Bwana, naye hakumruhusu, bali alimtuma arudi nyumbani, kwa watu wake. Kurudi huko kulikuwa sehemu ya kupona kwake.

Wakristo wengine wameliweza jambo hili. Katika mji wa Geel, Ubelgiji, ambako huheshimiwa Mtakatifu Dymphna, msimamizi wa wagonjwa wa akili, jamaa za raia wa kawaida wamewapokea wagonjwa nyumbani mwao kwa karne nyingi. Hapa kwetu, ndugu zetu Waluteri waligeuza makao ya Lutindi, katika milima ya Usambara, kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1904, na kazi ya mikono ikawa sehemu ya tiba.

Basi twaiomba Serikali ihakikishe kwamba dawa hazikatiki katika zahanati, na kwamba taarifa njema ya mganga hailali ofisini. Nasi tuwapeleke wagonjwa hospitali mapema, badala ya kuwafunga minyororo nyuma ya nyumba mpaka siku ya msiba. Tena kila jumuiya ndogo ndogo yaweza kuchagua watu wawili wa kufuatana na mgonjwa siku ya kliniki, na kuwa karibu na walio naye. Familia yenye hofu haiwezi kuubeba mzigo huu peke yake.

Mama yule tulimjibu kwamba mwanawe hana dhambi katika tendo lile. Jibu hilo halikumtosha, na lisingeweza kumtosha, maana kijana bado yuko Dodoma. Ikiwa amepona kiasi cha kurudi, na hakuna mlango hata mmoja utakaofunguliwa, basi dhambi aliyoiulizia mama itabidi tuitafute kwetu.