Kijiko na Saa Moja

Nilipoacha chuo nikarudi Embu, niliachiwa kumlisha mtoto wa dada yangu. Ana mtindio wa ubongo, kumeza kwake ni kazi ngumu. Siku moja, kwa haraka zangu, nilimbana pua ili ameze uji. Akapaliwa hadi midomo ikabadilika rangi. Shosho akaninyang'anya kijiko. "Unaharakia wapi? Si huna kazi?"

Kliniki walitufunza: mketishe wima, uji uwe mzito kiasi, kijiko kidogo, ungoje ameze kwanza. Ukiharakisha, chakula huingia njia ya hewa, kikifika mapafuni kinaweza kuleta nimonia. Sasa mlo mmoja ni karibu saa nzima.

Kumlazimisha ni kosa, najua. Amefunga mdomo, hana njia nyingine ya kusema la. Lakini njaa nayo huua. Na dada, anayechuma majani chai Meru kwa malipo ya kilo, hiyo saa angeitoa wapi? Tunasifu subira kama tabia njema tu, kumbe subira ni muda, na muda una bei. Anayemlaumu mama na asishike kijiko, huyo anahubiri tu.

Mimi nisiye na kazi ndio ninao huo muda. Leo amemaliza bakuli. Uji ulikuwa umepoa kitambo.