Mkanda Uliochakaa Ni Mali ya Nani?

Mtunzi akishalighani shairi lake mbele ya hadhara, je, bado ni lake peke yake? Swali hili, walilozoea wapenzi wa tungo, limewafikia pia wapenzi wa sinema. Mwaka 1997 George Lucas aliirudisha Star Wars kwenye kumbi ikiwa na mabadiliko, akataka toleo hilo ndilo likumbukwe. Mashabiki hawakuridhika. Waliitafuta mikanda ya milimita 35 ya mwaka 1977, wakainakili picha moja baada ya moja, bila idhini ya mwenye hakimiliki.

Huko Mwanza jambo hili lina uchungu wake. Watu wa ziwani, kama wenzao wa pwani, walizipenda filamu za Kihindi, na Awara ya Raj Kapoor (1951) ilitikisa nyoyo nchi nzima. Lakini mkanda ulikuwa msafiri: ulioneshwa, ukafungwa, ukaenda mji mwingine. Muda wa mkataba ulipokwisha, desturi ya biashara ilikuwa nakala zirejeshwe au ziharibiwe. Na ule uliosahaulika stoo, joto na unyevu huuozesha. Hutoa harufu ya siki, na rangi zake hufifia hadi ubaki wekundu mtupu. Mtazamaji alibakiwa na nyimbo kinywani.

Wapo wasemao kuwa mwizi mwenye nia njema bado ni mwizi. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwani msanii naye hula kwa jasho lake. Ila kuhifadhi si kuuza. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata 1840, yamesalia kwa kuwa watu waliyahifadhi vifuani, na Mwalimu Sikujua akayakusanya. Laiti wangengoja kibali cha marehemu, leo pangekuwa kimya.

Basi mtengenezaji ana haki ya kuisahihisha kazi yake, lakini hana haki ya kuwasahihishia watu kumbukumbu zao. Mhifadhi naye ana mpaka wake: asichume faida, wala asiupambe mkanda. Michubuko yake na vipande vilivyokatwa na wakaguzi ni ushahidi wa safari yake na wa waliouona.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mkanda ukishageuka siki, hakimiliki hubaki karatasini, ikilinda kitu kisichokuwapo.