Maksi za Shosho

Mwaka wa pili tulipokuwa tukisomea fasihi ya Kiingereza chuoni, tulitumwa nyumbani kukusanya ngano. Nikapanda matatu hadi kwa shosho, nikamrekodi kwa simu jioni nzima, yeye akichambua maharagwe, mimi nikiombea chaji isiishe. Alisimulia habari za zimwi na msichana. Alipofika pa kuimba aliimba, kisha akanisubiri niitikie. Sikuitikia. Nilitaka rekodi iwe safi.

Niliigeuza ikawa Kiingereza, nikaipanga aya kwa aya, wimbo nikautupa mwisho kabisa kama kiambatisho. Nilipata 74. Kwenye karatasi ile shosho hakuwa na jina, aliitwa mtoa habari. Na hata angeletewa, asingeweza kuisoma.

Kazi yenyewe, nadhani, tuliipata kwa sababu ya waraka wa Oktoba 1968, ule ambao Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliuandika pale Nairobi wakitaka idara ya Kiingereza ivunjwe, fasihi ya Kiafrika, ikiwemo ya mdomo, ikae katikati. Mimi nawashukuru. Bila watu kama wao ningeshinda na Shakespeare pekee (ambaye, tusidanganyane, nilimpenda sana). Ila mlango ukishafunguliwa, shosho aliingia darasani kama nani? Si kama mwalimu.

Sasa, je, nilimwibia? Beshte yangu mmoja anasema acha drama, ngano haina mwenyewe, hata shosho alipewa na mamake. Hapo yuko sawa. Lakini shosho aliilipia: aliitikia wimbo akiwa mtoto, akaja kuisimulia kwa watoto wake, wakaja kuisimulia na wao. Mimi sijawahi kumsimulia mtoto yeyote. Niliichukua nikampelekea mhadhiri, nikarudishiwa namba.

Na namba yenyewe haikufika mbali. Mwaka wa tatu karo ilinishinda, nikatoka.

Desemba iliyopita nilimchezea shosho ile rekodi. Alicheka kusikia sauti yake. Wimbo ulipofika pale aliponisubiri, simu ilinyamaza sekunde kadhaa, maharagwe tu yakisikika yakianguka kwenye sufuria. Akanigeukia.

"Kwani hapa ulikuwa umelala?"