Je, Mtandao Humlisha Mwandishi au Humnyang'anya?

Shaaban Robert alibuni Kusadikika, nchi iliyo angani, katika kitabu chake cha mwaka 1951. Kijana wa leo anayetamani kubuni nchi kama hiyo ana simu mkononi. Je, simu hiyo humsaidia au humwibia? Swali hili linanihusu, kwa maana ni mwaka wa pili sasa ninaandika riwaya ya namna hiyo na bado sijavuka sura ya pili.

Wanaoutetea mtandao wana hoja. Nimezaliwa Kasese, chini ya milima ya Rwenzori, lakini sijawahi kupanda hata karibu na kilele cha Margherita, chenye urefu wa mita 5,109. Ni kwenye simu nilikoona kwa mara ya kwanza lobelia za huko juu, mimea inayomzidi mtu kimo, imesimama katika ukungu kama walinzi. Usiku ule ule nilianza sura ya kwanza. Siwezi basi kusema kwamba mtandao haujanipa kitu.

Lakini baada ya lobelia zilifuata ngome za Ulaya, kisha majoka, kisha video za watu wanaofundisha jinsi ya kuandika riwaya. Nilijiambia kwamba ninafanya utafiti. Likizo iliyopita bibi yangu alinisimulia jikoni habari za Kithasamba, ambaye Wakonzo wa jadi waliamini anakaa katika theluji ya mlima. Nami niliitikia tu, huku nikitafuta picha ya joka. Aliponyamaza sikutambua. Nilipoinua macho alikuwa anachambua maharage. Nikamwomba aendelee. Akasema, "Nimeshamaliza, mjukuu wangu." Mpaka leo sijui hadithi ile iliishaje.

Hapo ndipo nilipoona kwamba sikupoteza wakati wangu peke yangu. Kumsikiliza mtu nusunusu ni kumdhulumu: yeye alitoa, mimi sikupokea.

Wapo watakaosema kwamba akili ya mwandishi haina budi kutangatanga. Nakubali. J.R.R. Tolkien, profesa wa Oxford, alikuwa akisahihisha mitihani alipokuta ukurasa ambao mtahiniwa aliuacha mtupu. Akaandika hapo sentensi iliyokuja kuwa mwanzo wa The Hobbit, kitabu kilichotoka mwaka 1937. Naye pia aliiacha kazi iliyokuwa mbele yake. Tofauti ni kwamba yeye alitangatanga akafika penye utupu, na utupu ule ilimbidi aujaze mwenyewe. Simu haina ukurasa mtupu. Kabla hujaiwaza picha moja, imeshakuletea nyingine, nayo imebuniwa na mtu mwingine.

Kwa hiyo maoni yangu ni kwamba mtandao unaweza kuleta mbegu, lakini hauipi nafasi ya kuota. Nafasi hiyo huitoa mwandishi mwenyewe, kwa kuzima simu na kuvumilia uchovu wa kukaa bila kitu cha kutazama. Anayeshindwa kuvumilia atakuwa na picha nyingi asiwe na hadithi, kama nilivyo mimi sasa.

Desemba nitarudi Kasese. Simu nitaiacha chumbani, niende jikoni nimwombe bibi aanze upya, kama atakubali.