Ukumbusho wa Nani? Tafakuri juu ya Kukusanya Ramani na Miongozo ya Zamani ya Mbuga za Kajiado

Swali linaloshughulikiwa katika makala haya ni la kimaadili kabla ya kuwa la kiuhakiki. Je, ni halali kwa mtu kuipenda, kuitunza na kuionea fahari karatasi inayoionyesha nchi ya jirani zake kana kwamba haikuwa na watu? Mkusanyaji anayehojiwa hapa ni mwandishi mwenyewe. Nyumbani kwangu Kitengela ninalo sanduku la bati lenye ramani za kukunjwa, vitabu vya mwongozo, postikadi na tiketi za kuingilia mbugani, nyingi zikiwa zimenunuliwa kwa wauza vitabu vikuukuu wa kando ya barabara jijini Nairobi. Kwa miaka mingi niliyahesabu makusanyo hayo kuwa burudani isiyomdhuru mtu. Siku hizi sina hakika hiyo, na sababu yake nitaieleza kwa urefu baadaye.

Katika nchi za Magharibi uraibu wa aina hii una soko lake na wataalamu wake. Ramani walizopewa wageni wa Disneyland, iliyofunguliwa Anaheim, California, mwezi Julai 1955, hutafutwa kwa bidii na watu wazima ambao wengine wao hawakuwa wamezaliwa siku hiyo. Miongoni mwa vivutio vya mwaka ule wa kwanza palikuwa na safari ya mashua katika mto wa kutengenezwa, nao viboko wa mitambo wakiibuka majini kila mashua ilipopita. Miaka tisa kabla ya hapo, Desemba 1946, Mbuga ya Taifa ya Nairobi ilikuwa imekwisha kutangazwa, na humo viboko walikuwa wa damu na nyama. Hata hivyo, ukiziweka karatasi za mahali pawili hapa pamoja mezani, kufanana kwake kunashangaza: njia za magari zilizokolezwa wino, vituo vya kutazamia, picha ndogo ya mnyama pale anapotarajiwa kuonekana, na onyo la kutotoka nje ya njia. Zote mbili humwahidi mgeni ulimwengu uliokwisha kupangwa kwa ajili ya macho yake. Tofauti ni kwamba waliojenga ule wa California walijua kuwa wanajenga jukwaa.

Kabla ya kuendelea, inafaa tulitazame neno lenyewe. Kiswahili hukiita kitu anachorudi nacho msafiri ukumbusho, na neno hili limetokana na kitenzi cha kusababisha: kukumbusha. Kitenzi cha namna hii hudai mtendwa. Hakuna kukumbusha tu. Sharti awepo anayekumbushwa. Postikadi ya twiga aliyoinunua mtalii mwaka 1958 ilimkumbusha yeye asubuhi yake, vumbi lake, pengine na mwenzi wake wa safari. Ilipofika kwangu, baada ya kupita mikono nisiyoijua, haikuwa na asubuhi yoyote ya kunirudishia. Susan Stewart, katika kitabu chake *On Longing* cha 1984, anatofautisha kitu cha ukumbusho, ambacho thamani yake hutegemea tukio alilolipitia mwenyewe mmiliki, na mkusanyo, ambao thamani yake hutokana na mpangilio wa vitu baina yao. Tofauti hiyo inasaidia, lakini nadhani sarufi yetu inauliza jambo gumu zaidi. Ikiwa kitu kimepoteza mtendwa wake wa kwanza, je, kinaweza kumpata mwingine? Na ni nani mwenye haki ya kuwa huyo mwingine?

Neno ramani nalo lina hadithi. Huhusishwa na neno la Kiajemi rahnama, yaani kionyesha njia, ambalo katika Bahari ya Hindi liliitaja hati ya nahodha, iliyokusanya mambo ya nyota, pepo na bandari. Kwa asili yake, basi, ramani na kitabu cha mwongozo vilikuwa kitu kimoja, na kazi yake ilikuwa kumtahadharisha msafiri juu ya yale atakayoyakuta. Nahodha aliyeacha kutaja mwamba aliua watu. Kipimo hiki cha kale si kibaya tukikitumia kwa karatasi zilizomo sandukuni mwangu.

Tuanze na majalada. Miongozo ya miaka ya 1950 ilitolewa kwa jina la mbuga za kifalme. Baada ya uhuru neno hilo la ufalme likaondolewa. Mwaka 1976 taasisi ya mbuga iliunganishwa na idara ya wanyama. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1980, likaja Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Mtu angeweza kuandika historia ya dola ya Kenya kwa kusoma vichwa vya karatasi hizi tu. Mfano wa Amboseli una uchungu wake. Tangu 1961 hifadhi hiyo ilikuwa chini ya halmashauri ya Kajiado, na katika jina lake la Kiingereza Wamasai walitajwa waziwazi. Mwaka 1974 ilipogeuzwa kuwa mbuga ya taifa, yenye eneo la takriban kilomita za mraba 392, jina la watu lilianguka na la mahali likabaki. Wafugaji walitakiwa kuyaacha maji ya vinamasi na kuahidiwa maji ya bomba nje ya mpaka, mradi ambao baadaye ulizorota. Mambo haya hayamo katika kitabu chochote cha mwongozo nilicho nacho. Neno moja tu limetoweka jaladani, na anayejua kusoma ataliona pengo lake.

Ramani ya Mbuga ya Nairobi husimulia jambo hilohilo kwa weupe. Mbuga yenyewe, kilomita za mraba 117 hivi, imejaa alama. Kusini, ambako mpaka ni mto na ambako hakukuwekwa ua ili wanyama wapate kutoka na kurudi kwa majira, wino unakwisha. Upande wa pili wa mto ndio uwanda wa Kitengela: maboma, malisho, visima, makaburi. J. B. Harley, katika maandishi yake ya mwishoni mwa miaka ya 1980, alitufunza kuisoma ramani kama matini na kuutilia maanani ukimya wake. Hakuna asiyelijua hilo leo miongoni mwa wanafunzi wa uhakiki, kiasi kwamba limekuwa kama wimbo. Lililonifanya nilifikirie upya halikutoka katika nadharia.

Jirani yangu mmoja, mzee wa Kimasai aliyezaliwa katika uwanda huu, alinikuta siku moja nimeitandaza ramani hiyo barazani. Aliitazama kwa muda mrefu, akaweka kidole pale kwenye weupe, akaniuliza, "Mwalimu, huyu aliyechora alipita hapa mchana au usiku?" Nikamjibu kwamba bila shaka ilikuwa mchana, Mzee. "Basi alituona," akasema, akaendelea na chai yake.

Jibu hilo fupi linagawa kosa sehemu mbili ambazo sisi wahakiki huzichanganya. Lipo kosa la kutojua, na lipo kosa la kuona usiandike. La kwanza husahihishwa kwa toleo jipya. La pili ni uamuzi, na anayeirithi karatasi huurithi na uamuzi wake, kama anayenunua ng'ombe na deni lake. Naweza kujitetea kwamba sikuichora mimi. Lakini niliichagua, nikailipia, na, nikisema kweli, weupe ule ulikuwa sehemu ya uzuri wake machoni pangu. Niliupenda utulivu wa karatasi isiyosongamana.

Atatokea msomaji wa kusema: basi choma. Hoja hii si ya mzaha, kwani Kenya ina kielelezo chake. Mnamo Julai 1989, ndani ya Mbuga ya Nairobi yenyewe, Rais Moi aliwasha moto uliotekeza tani 12 za pembe za ndovu. Mantiki yake ilikuwa kwamba kuna vitu ambavyo kuvithamini ndiko kunakoleta uharibifu, hivyo njia safi ni kuiua thamani yenyewe. Miaka 11 kabla, mwaka 1978, baada ya uwindaji kupigwa marufuku mwaka uliotangulia, biashara ya vikumbusho vya ngozi, kwato na meno ilifungwa. (Vitu hivyo havimo sandukuni mwangu, sheria haiviruhusu bila kibali, na hata ingeruhusu, sioni mtu angekumbuka nini kwa kukalia mguu wa tembo.) Je, ramani ni pembe? Kwa muda mrefu nilijibu kwamba sivyo, kwa kuwa hakuna anayeuawa ili ramani ya 1955 ipatikane. Jibu hilo lina kasoro. Ile picha ya nchi isiyo na watu bado inauzwa: ramani kuukuu hutundikwa katika kuta za hoteli za kitalii ziwe pambo, na mgeni hufika akiwa ameshafunzwa kuyaona maboma na ng'ombe kama uvamizi. Weupe wenyewe ulipata bei. Kuanzia mwaka 2000 baadhi ya wenye ardhi wa Kitengela, ambako ranchi ya jamii ilikuwa imekwisha kugawanywa vipande, walilipwa dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasiweke ua. Siulaumu mpango huo. Umewasaidia watu kusomesha watoto na umewaachia nyumbu njia. Nasema tu kwamba utupu uliochorwa bure ulirudi kama bidhaa.

Hata hivyo siungi mkono moto. Pembe ikiteketea, tembo anayebaki hana haja nayo. Ramani ikiteketea, anayepoteza ushahidi ni yuleyule aliyeachwa nje yake, maana hakuna hati nyingine itakayoonyesha jinsi alivyoachwa. Wamasai wanaijua vyema nguvu ya karatasi. Mikataba ya 1904 na 1911 iliwahamisha. Na walipokwenda mahakamani mwaka 1913, waliambiwa kwamba mikataba hiyo ilikuwa nje ya uwezo wa mahakama. Watu waliopitia hayo hawahitaji mkusanyaji awachomee chochote.

Wapo wanaopendekeza makavazi. Ni ushauri wa busara, nami sina hoja nzito dhidi yake, isipokuwa kwamba katika Kajiado hiihii kuna mfano ulio bora zaidi. Huko Olorgesailie, kwenye njia ya kwenda Magadi, mashoka ya mawe waliyoyachunguza Louis na Mary Leakey katika miaka ya 1940 yaliachwa kwa mamia palepale yalipolala, ukajengwa ujia wa mbao juu yake ili mgeni apite asiyaguse. Huo ni mkusanyo usiomilikiwa na rafu ya mtu. Vitu viko mahali pake, na anayekwenda ni mtazamaji. Ramani, lakini, mahali pake ni wapi? Londoni ilikochapishwa? Mfukoni mwa mtalii? Au katika uwanda ule iliokataa kuutaja?

Jibu, kama ni jibu, lililetwa na yule mzee. Miezi kadhaa baada ya mazungumzo yetu alirudi na ombi. Mapito ya mifugo kuelekea mtoni, yaliyotumiwa na baba yake, yalikuwa yamezibwa kwa ua wa mwenye kiwanja mgeni, na kulikuwa na baraza la kusikiliza shauri hilo. Katika ramani yangu, nje kidogo ya mpaka, kulikuwa na mstari mmoja wa nukta: njia ya gari la doria. Mzee alidai kwamba gari lile lilifuata nyayo za ng'ombe. Alitaka kuipeleka. Nikampa fotokopi. Akaikataa kwa upole: karatasi mpya husema anachotaka aliyeipiga jana, yeye alitaka ile yenye umri.

Nitakiri kwamba nilisita siku nne. Niliwaza mikunjo, jasho, mvua, bei. Kusita kwangu ndiko kulikonifunulia niliyekuwa. Walter Benjamin, katika insha yake ya 1931 juu ya kufungua maktaba yake, anauona umiliki kuwa uhusiano wa ndani kuliko wote awezao kuwa nao mtu na vitu, na kwamba mkusanyaji ndiye anayeishi ndani ya vitu vyake. Nilikuwa nimelipenda wazo hilo. Siku zile nne nilielewa kwamba anayeishi humo huwa pia amefunga mlango.

Nilimpa. Shauri halikufika popote. Waliosikiliza walitaka hatimiliki, na ramani ya watalii haina uzito mbele ya hatimiliki. Karatasi ilirudi baada ya wiki tatu ikiwa na alama ya kikombe kwenye kona na, katika ule weupe wote wa kusini, majina. Mzee na rika lake walikuwa wameandika kwa biro ya buluu, kwa Kimaa, visima, vilima, boma lililohamishwa, na mahali pa kuvukia mto. Baadhi ya maandishi yameingia ndani ya mpaka wa mbuga. Hasira yangu ya kwanza ilikuwa ya mkusanyaji, na sitaificha: nilihesabu hasara. Mnunuzi mmoja wa Nairobi niliyemwonyesha aliuliza kama wino huo unaweza kufutwa na mtaalamu, kwa kuwa bila hivyo haina thamani.

Kwa kipimo cha nahodha, hata hivyo, hii ndiyo karatasi pekee sandukuni mwangu inayostahili kuitwa ramani. Na kwa kipimo cha sarufi, imepata mtendwa: inamkumbusha mtu jambo alilolipitia. Kwamba mtu huyo si mimi mwenye kuilipia, ndilo jambo ambalo bado nafsi yangu hailikubali kwa ukunjufu. Swali la kama alikuwa na haki ya kuandika bila kuniuliza nimelitafakari pia. Naona kwamba hakuwa nayo, na kwamba aliyechora mara ya kwanza hakuwa nayo vilevile, wala hakuna aliyemdai arudishe karatasi ikiwa safi.

Majuzi alimtuma mjukuu wake aniulize kama ninayo na ya Amboseli. Ninayo. Ni ya kabla ya 1974, yenye jina la zamani jaladani, na imekunjuliwa mara chache mno. Kijana alinywa maji, akasubiri, kisha nikamwambia amwambie babu yake kwamba nitaitafuta.