Fraktali katika Muziki: Mpango Usiotambuliwa Upo Wapi?

Fraktali ni umbo ambalo sehemu zake ndogo hurudia sura ya umbo zima. Mwanahisabati Benoit Mandelbrot alilipa jina hilo mwaka 1975, miaka 225 baada ya kifo cha mtunzi wa muziki Johann Sebastian Bach. Hata hivyo, mwaka 2007 mtafiti Harlan Brothers alionyesha kwamba Bourrée ya kwanza katika mfululizo wa tatu wa densi ambazo Bach aliitungia selo imejengwa hivyo. Noti mbili fupi hufuatwa na moja ndefu. Vifungu viwili vifupi navyo hufuatwa na kirefu, na mafungu makubwa zaidi yanashika utaratibu uleule.

Je, mpango huo umo katika muziki wenyewe, au umo machoni pa anayechunguza karatasi ya noti?

Wapo wanaotaka kuamua kwa nia ya mtunzi. Katika Contrapunctus ya 7 ya Die Kunst der Fuge, mkusanyo mwingine wa Bach, nia haina shaka: Bach anaingiliza sauti moja katika nyingine, wimbo uleule ukienda kwa kasi tatu tofauti. Kuhusu Bourrée hakuna ushahidi wa namna hiyo. Lakini nia si kipimo cha haki. Mtoto wa Mswahili hupatanisha ngeli bila kosa kabla hajasikia kwamba kuna ngeli, na hakuna atakayesema kanuni hiyo haimo katika maneno yake.

Kipimo bora kilitolewa zamani sana, yapata mwaka 400, na Augustino wa Hippo, mji wa Afrika Kaskazini, katika kitabu cha 11 cha Maungamo. Anayeimba zaburi, anasema, huanza akiwa na matarajio ya zaburi nzima. Kadiri anavyoimba, matarajio hugeuka kumbukumbu. Yanayotokea katika zaburi hutokea pia katika kila silabi yake, katika maisha ya mtu, na katika historia yote ya wanadamu. Ni fikra ya ajabu kwa ukubwa wake. Kufanana kwa sehemu na jumla kunakaa katika nafsi inayongoja na kukumbuka, kwa hiyo msikilizaji wa Bourrée huuishi mpango wa Bach hata asipoutambua.

Fraktali ya hisabati haina mwisho. Muziki huishia chini kwenye noti na juu kwenye utungo mzima. Ngazi za Augustino zinapanda zaidi, ila naye anaweka mpaka: Mungu hajui kwa kungoja na kukumbuka kama mwimbaji.